Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi: Somo la Roketi kwa Vikundi Vyetu



Wengi wenu mnakumbuka habari ya tarehe 30 Desemba 2024, wakati pete kubwa ya chuma ilipoanguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba pete hiyo ilikuwa na upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500, na kwamba ilikuwa kipande cha roketi. Baada ya hapo, katika kutembelea vikundi, hatukukosa mtu wa kutuuliza juu ya jambo hilo. Mama mmoja upande wa Juja alituambia: "Nyinyi watu wa ofisi mmesoma. Hebu tuelezeni, hizi roketi zinapelekwa huko juu na nani, na sisi zinatuhusu nini?" Tulimwahidi kwamba tutaandika somo. Ndilo hili.

Zinatuhusu, na si kwa sababu ya chuma kuanguka tu. Historia ya roketi ni historia ya watu walioshindwa mara nyingi kabla ya kufaulu. Wengine walisema wazi kwamba wameshindwa, wakatafuta sababu. Wengine walificha. Na jambo hili la kuficha hasara ndilo linaloua vikundi vingi hapa kwetu, kuliko hata ukosefu wa pesa.

Tunawaomba msome pamoja, mmoja akisoma kwa sauti, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

1. Roketi inakwendaje?

Chukua baluni ya watoto, ipulize, halafu iachilie bila kuifunga. Hewa inatoka nyuma kwa nguvu, na baluni inaruka mbele. Roketi ni hivyo hivyo. Mafuta yanaungua ndani yake, moto na moshi vinatoka chini kwa nguvu, nayo inasukumwa juu. Roketi hubeba mafuta yake pamoja na kitu cha kuyachomea, yaani oksijeni, na kwa hivyo inaweza kwenda hata mahali pasipo na hewa.

Watu wengi huhesabu kwamba anga za juu zinaanza kilomita 100 kutoka hapa chini. Si mbali sana. Ni kama kutoka Thika kwenda Nairobi na kurudi, uongeze kidogo. Kazi ngumu ni kukaa huko bila kuanguka. Kitu kinachozunguka dunia karibu nasi lazima kifike mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo kinamaliza kuizunguka dunia yote kwa dakika kama 90, muda ambao matatu yaweza kumaliza kutoka Thika hadi jijini siku ya msongamano.

Kupata mwendo huo kunataka mafuta mengi, na matangi ya mafuta ni mazito. Ndiyo sababu roketi hujengwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ikimaliza mafuta yake inaachwa, ya pili inawaka, halafu ya tatu. Ni kama msafiri aliyebeba maji kwa vibuyu vinne. Kibuyu kikiisha anakiacha njiani ili awe mwepesi. Vipande vinavyoachwa hutakiwa viungue hewani wakati wa kurudi, ama vianguke mahali pasipo watu. Kile cha Makueni hakikufanya hivyo. Tunamshukuru Mungu kwamba hakikuumiza mtu.

2. Mwalimu, mkulima na kicheko cha gazeti

Huko Urusi katika mji wa Kaluga kulikuwa na mwalimu wa shule aliyeitwa Konstantin Tsiolkovsky. Alipokuwa mtoto, ugonjwa ulimharibu masikio akabaki bila kusikia vizuri. Mwaka 1903 alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba roketi inaweza kuivuka hewa ya dunia na kwenda mbali. Yeye mwenyewe hakurusha roketi kama hiyo hata moja. Alikaa chini kwanza akahesabu.

Marekani alikuwako Robert Goddard. Tarehe 16 Machi 1926, katika shamba la jamaa yake huko Auburn, jimbo la Massachusetts, alirusha roketi ya kwanza duniani iliyotumia mafuta ya maji. Alitumia petroli na oksijeni iliyopozwa sana hadi ikawa kama maji. Ilipanda mita 12 na nusu tu, urefu wa mkaratusi ambao haujakomaa. Iliruka kwa sekunde mbili na nusu, ikaanguka katika shamba la kabeji. Mtu mwingine angesema huu ni mchezo wa watoto. Lakini Goddard aliandika kila kitu alichoona, akatengeneza nyingine, na nyingine tena.

Miaka 6 kabla ya siku hiyo, Januari 1920, gazeti kubwa la New York Times lilikuwa limemcheka Goddard hadharani. Lilisema roketi haiwezi kwenda mahali pasipo hewa kwa kuwa haina cha kusukuma, na kwamba bwana huyu hajui hata yale wanayofundishwa wanafunzi. Jambo hilo lilimuumiza Goddard, na toka hapo akapenda kufanya kazi yake kimya kimya, mbali na macho ya watu. Hebu tuone hapo: kicheko kinafundisha watu kujificha.

Lakini tuseme pia mema ya gazeti hilo. Tarehe 17 Julai 1969, wakati watu watatu walipokuwa njiani kwenda mwezini, liliandika kwamba lilikosea, na kwamba linajuta. Ilichukua miaka 49, na Goddard alikuwa amekwisha kufa tangu 1945. Hata hivyo lilikiri.

3. Ujuzi bila utu

Hatuwezi kuruka sehemu hii. Roketi kubwa ya kwanza iliyofika mpaka wa anga za juu ilitengenezwa Ujerumani, wakati wa vita vya pili vya dunia. Iliitwa V-2, na ilifaulu kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 1942. Kuanzia Septemba 1944 ilitumiwa kupiga miji kama London na Antwerp, ikaua raia wengi. Na tena, V-2 ziliundwa na wafungwa waliolazimishwa kufanya kazi ndani ya mapango, katika kambi iliyoitwa Mittelbau-Dora. Maelfu yao walikufa kwa njaa, kazi nzito na mateso.

Baada ya vita wataalamu wa V-2, kama Wernher von Braun, walichukuliwa Marekani, na wengine wakaenda kufanyia kazi Warusi. Habari za wale wafungwa hazikuzungumzwa sana kwa miaka mingi. Sisi wa Kanisa tunasema hivi: kazi inayokula watu wanaoifanya haiitwi maendeleo, hata kama inafika mbinguni.

4. Kushindwa kwa wazi na kushindwa kwa siri

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, chombo cha kwanza cha binadamu kuizunguka dunia. Kilikuwa na uzito wa kilo 83 na nusu hivi, chini ya gunia moja la mahindi la kilo 90. Wamarekani wakaona aibu, wakaharakisha chao. Tarehe 6 Desemba mwaka huo roketi yao ya Vanguard iliwashwa mbele ya kamera za televisheni. Ilipanda kama mita moja, ikarudi chini, ikalipuka. Chombo kilichokuwa juu yake hakikufika hata uzito wa pakiti ya unga ya kilo mbili. Magazeti ya dunia yaliwacheka vibaya sana.

Watu wa Vanguard hawakukimbia. Walijaribu tena Februari 1958, wakashindwa tena. Tarehe 17 Machi 1958 wakafaulu. Na chombo kile kidogo kiitwacho Vanguard 1 kiko juu hadi leo. Redio yake ilinyamaza mwaka 1964, lakini bado kinazunguka. Katika vyote vilivyorushwa na binadamu na ambavyo bado viko juu, hicho ndicho cha zamani zaidi. Sputnik yenyewe ilianguka ikaungua Januari 1958.

Sasa tuangalie upande mwingine. Tarehe 23 Machi 1961 kijana Mrusi wa miaka 24, Valentin Bondarenko, alikuwa akifanya mazoezi ya kwenda anga za juu. Alikuwa amefungiwa peke yake kwa siku nyingi katika chumba chenye oksijeni nyingi. Alitupa pamba yenye spiriti, ikaangukia jiko la umeme. Penye oksijeni nyingi moto hushika kama petroli. Hadi kufungua mlango, alikuwa ameungua vibaya, akafa siku hiyo. Siku 20 baadaye, tarehe 12 Aprili, Yuri Gagarin akawa binadamu wa kwanza kwenda anga za juu, akazunguka dunia na kurudi kwa dakika 108. Dunia yote ilishangilia. Kifo cha Bondarenko kilifichwa. Watu hawakuambiwa hadi mwaka 1986.

Tarehe 27 Januari 1967 Wamarekani watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walikuwa wakifanya mazoezi ndani ya chombo cha Apollo kikiwa bado hapa chini. Ndani mlikuwa na oksijeni tupu. Moto ulitokea. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani na haukuweza kufunguka. Wote watatu walikufa.

Hatusemi kwamba habari ya Bondarenko ingewaokoa watu hawa. Wamarekani wenyewe walikuwa wameonywa juu ya hatari ya oksijeni, wakapuuza. Tunasema tu kwamba msiba wa mmoja ulifichwa, na wengine wakafa kwa moto wa namna ile ile, miaka 6 baadaye.

Lakini angalieni yaliyofuata. Uchunguzi ulifanywa na taarifa ikatolewa wazi, pamoja na makosa ya wakubwa. Walibadilisha mlango ufungukie nje kwa haraka. Walibadilisha hewa ya ndani wakati chombo kiko chini. Waliondoa vitu vinavyoshika moto upesi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu hawakurusha mtu yeyote, hadi Oktoba 1968. Na tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini. Wazee wetu waliwahi kusema: mficha ugonjwa, kifo kitamuumbua.

5. Ngomeni: mwendo wa hatua kwa hatua

Wengi hushangaa tukiwaambia kwamba roketi zimerushwa hata hapa Kenya. Ni huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita, yalisimamishwa baharini. Kazi hiyo iliongozwa na profesa Mwitaliano aliyeitwa Luigi Broglio, kwa mapatano na Wamarekani.

Kwa nini Kenya? Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na penye ikweta mwendo wake ni mkubwa zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa hapo kuelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Na mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, kwa hivyo ngazi zinazoachwa zinaanguka majini.

Sasa tazameni hatua zao. Mwaka 1962 waliandikiana mapatano na Marekani. Waitaliano wakaenda huko kujifunza. Mwaka 1964 walirusha kwanza roketi ndogo za kupima hewa kutoka jukwaa la Ngomeni, ambazo hazizunguki dunia. Desemba mwaka huo huo wakarusha chombo chao cha kwanza, San Marco 1, lakini wakitumia uwanja wa Wamarekani. Ni mwaka 1967, tarehe 26 Aprili, ndipo walipothubutu kurusha chombo cha kuzunguka dunia kutoka baharini hapa Kenya. Walitumia roketi ya Scout, yenye ngazi nne.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi yetu. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zinazotoa miale kama ile ya eksirei ya hospitali. Kazi hiyo ilimsaidia mkuu wa wataalamu wake, Riccardo Giacconi, kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni. Zote tisa zilifika. Hawa hawakuwa na bahati kuliko wengine. Walianza na kidogo, na walijifunza kwa makosa ya wale waliotangulia, kwa kuwa makosa hayo yalikuwa yameandikwa.

Kuna jambo la kutufikirisha hapa. Zile tisa zilikuwa za Italia, Marekani na Uingereza. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, kisanduku cha sentimita 10 kila upande, ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kusaidiana na Waitaliano na Wajapani. Iliachiliwa angani tarehe 11 Mei 2018. Ni miaka 51 tangu ile ya kwanza ya Ngomeni. Mgeni akitumia shamba lako miaka 51, umejifunza nini kwake? Hilo tunawaachia. Baada ya kile kisanduku ikafuata Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, ya kupiga picha za mashamba na nchi. Nayo ilirushwa kwa roketi ya kukodi huko California. Nchi yetu nayo inapanda ngazi moja moja.

6. Na sisi je?

Tunajua kikundi kimoja upande wa Ruiru, ambacho hatutakitaja, kilichonunua pampu ya kunyunyizia mboga karibu na mto. Pampu iliungua mwezi wa pili kwa sababu iliwashwa bila maji. Mwenyekiti na mweka hazina waliona aibu. Wakachukua pesa za mikopo ya kikundi, wakaitengeneza kimya kimya. Kwa kuwa hakuna mwanachama mwingine aliyejua sababu, kijana aliyekuwa zamu aliiwasha tena bila maji, ikaungua tena. Wakachukua pesa nyingine. Ilipofika Desemba akina mama wakataka kugawana akiba yao, sanduku lilikuwa karibu tupu. Wale viongozi hawakula hata shilingi. Lakini nani angewaamini? Kikundi kilivunjika, na majirani wengine hawasalimiani mpaka leo. Nasi wa ofisi tuna lawama, maana tulipowatembelea tulisoma vitabu vya hesabu juu juu, tukanywa chai, tukaenda.

Kikundi kingine, upande wa mashariki wa Thika, kilianza na kuku 100. Kideri kikaja, wakabaki kuku 17. Yule mama aliyesimamia chanjo alisimama kwenye mkutano Jumapili iliyofuata akasema: "Wenzangu, nilinunua dawa lakini nikaibeba siku nzima kwa jua bila barafu. Nafikiri iliharibika." Watu wakanyamaza. Halafu mzee mmoja akasema, "Asante mama. Mimi sikujua dawa inataka baridi." Ikaonekana kwamba hata wengine sita hawakujua. Walianza upya na wale 17, wakaweka sheria kwamba chanjo isafirishwe kwa chupa ya thermos yenye barafu na watu wawili wasaini. Leo wanauza mayai sokoni Thika.

Hasara ya kikundi cha pili ilikuwa kubwa kuliko ile ya pampu. Tofauti ni ule mkutano wa Jumapili.

7. Maswali ya kujadiliana

Someni kwanza Luka 14:28-30, habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Halafu mjiulize:

a) Katika kikundi chetu, hasara ya mwisho ilikuwa gani? Kila mwanachama anajua sababu yake, ama ni viongozi tu?

b) Mtu akikiri kosa kwetu, tunamfanyia nini? Tunamcheka? Tunamsema njiani tukienda nyumbani?

c) Je, mradi wetu wa sasa tuliujaribu kwa udogo kwanza?

d) Ni ujuzi gani tunaotegemea wageni watufanyie, na ni nani kati yetu ataanza kujifunza?

8. Hatua za kufanya kabla ya mkutano ujao

Kwanza, nunueni daftari moja, muandike juu yake "Makosa na Mafunzo". Hasara yoyote iandikwe humo ndani ya siku saba: nini kilitokea, kwa nini, na tumebadilisha nini. Msiandike matusi wala uvumi.

Pili, katika kila mkutano, kabla ya hesabu, mwenyekiti aulize: "Kuna kitu kimeharibika?" Na aanze yeye mwenyewe kujibu.

Tatu, anayesema ukweli mapema asitozwe faini. Anayeficha ndiye atozwe. Kama ni wizi, hilo ni jambo lingine, lishughulikiwe kwa katiba ya kikundi.

Nne, mkitembelewa na sisi watu wa ofisi, tuonyesheni daftari hilo kabla ya chai.